Kumi na Nane Juu ya Kumi na Moja

Vitabuni ni shinikizo la damu.
Hapa Kadutu ni tansio tu,
kama jina la mpangaji asiyelipa
na hakuna anayethubutu kumtoa.

Mama nilimpima mwenyewe, Jumatatu, zamu ikiisha:
kumi na nane juu ya kumi na moja.
Ukanda ulipolegea nikausikia mshipa wake
ukigonga kama mtu aliyefungiwa nje mvuani.
Nikamwandikia vidonge. Akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kwenye fundo la kitenge
pamoja na pesa asizotumia.

Jumanne alfajiri nikasikia kisu.

Nyuma ya nyumba, pale Bukavu inapoanza kuteleza,
mti wetu wa avoka umeushika udongo kwa kucha.
Mvua ya mwaka juzi ilichukua choo cha kina Cirhuza,
ikachukua jiko, ikachukua mbuzi na kamba yake.
Ilipofika kwenye mizizi ile, ikapinda.
Mama hajasahau.
"Kilichouzuia mlima
kitashindwa na damu ya mwanamke mmoja?"
Akachuma majani saba. Sufuria ikawa nyeusi.

Mubirizi aliununua kwa Nsimire M'Birindwa,
anayeketi sokoni kati ya sambaza na makaa,
mafungu yake juu ya gunia la saruji:
hili la tumbo, hili la tansio,
hili (akanitazama) la wauguzi wenye haraka.
"Mbuzi mzima huupita," akasema.
"Mbuzi mgonjwa huutafuta mwenyewe.
Nani alimsomesha?"

Nilikuwa na maswali yangu, ya shule:
vikombe vingapi? Figo je?
Na kidonge juu ya jani, ukianguka kwenye ngazi za Nyamugo
nani atakuokota?
Mama akafunika kikombe kwa kisahani.
"Chumvi nimeacha. Wewe umeacha?"

Hakusema halali.
Hakusema Mweze yuko mashimoni Kamituga
na simu yake imenyamaza tangu Pasaka.
Fungu la hilo Nsimire hana.
Nami kabati langu nimelifungua mara ngapi, halimo.

Tukapatana kama watu wawili wanaoshusha godoro kilimani,
wewe rudi kidogo, mimi ninyanyue.
Kidonge asubuhi, mbele yangu, ulimi nje.
Jani jioni, kikombe kimoja, si viwili,
na mimi nionje.
Nilionja. Uchungu ukapanda hadi masikioni,
nikakohoa, na mama akacheka
kicheko ambacho sikukisikia mwaka mzima.

Wiki ya tatu simu ikalia.
Dakika mbili, mtandao ukikatika:
"Mama? Mama, unanisikia?"
Alimsikia. Alimtukana mpaka salio likaisha.

Kesho yake: kumi na nne juu ya tisa.

Nikaandika tarehe. Nikaandika nambari.
Kwenye safu ya matibabu kalamu ikasimama,
ikaacha nukta, nukta ikanenepa.

Dirishani nilimwona chini ya avoka.
Hakuwa anachuma.
Alikuwa anarudisha udongo kwenye mizizi,
akiukanyaga kwa kisigino, taratibu,
maana usiku mvua ilikuwa imekula tena shubiri moja.
"Na huu," akauliza, bila kugeuka,
"huu anaupima nani?"