Nimekunja, Sikukata

Jezi kumi na nne zimeletwa dukani kwangu Bopwe
ndani ya kiroba cha mchele,
zinanuka jasho la watu walioondoka.
Mwalimu Rubea kasimama mlangoni, chaki bado vidoleni:
"Bi Saumu, wapunguzie watoto.
Pesa za mpya hatuna, na Ijumaa tuna mechi."

Ya tisa hii ilikuwa ya Mkubwa Faki.
Mishono yake naijua, mie ndiye niliyeitanua kiunoni
mwaka alioanza kucheza kwa jina, si kwa miguu.
Sasa yuko Maskati, anaendesha lori la maji.
Ya nne kahamia Unguja. Ya kumi kaoa Tanga, kimya.
Golikipa kauza glavu kanunua bodaboda.
Tulishuka daraja tukiwa nao wote,
basi msinipigie hadithi za uzoefu.

Ya tisa sasa ataivaa Shaame,
kidato cha tatu, shingo kama ya kifaranga cha kanga.
Nilipompima, tepu ilizunguka kifua ikabaki,
nikaona haya kuitaja namba kwa sauti.
Lakini mtoto huyu, nyie!
Mpira ukimjia hauulizi njia.
Huutua chini kama mtu atuaye kikombe kwenye sahani
chumba ambamo mgonjwa ndiyo kwanza kapata usingizi.

Ngwali, beki wa kushoto, hupanda mkarafuu hadi kilele
akalichuma tawi la mwisho kwa ncha za vidole,
ila mpira wa kichwa huufumbia macho.
Ataacha.
Hata mie, mwaka wa kwanza wa cherehani,
niliifumbia macho sindano.

Msimu wa karafuu mazoezini huja watano.
Mwalimu huwapanga watano hao uwanja mzima
na kuwagombeza kama kumi na moja.

Gombani tulifungwa sita.
Wenzangu walihesabu mabao, mie nilimhesabu Mjaka golini:
mara sita kainama, mara sita kauokota mpira wavuni,
kaurudisha kati kwa mkono wake,
hakumfokea mtu.
Machozi aliyalia baadaye, nyuma ya gari,
akidhani hakuna amwonaye.
Mechi ya pili, manne.
Ya tatu tukafungwa mawili, tukapata moja,
lililogonga goti la Ngwali likajiingilia lenyewe.
Sikuuliza goti lilikusudia nini.
Nilipiga vigelegele hadi mtandio ukaniangukia mabegani.

Wanywa kahawa wa pale kona wanatuita chekechea.
"Miaka mitatu," Mwalimu anawajibu, "nipeni mitatu."
Nami nina sitini na moja.
Nikajumlisha kimyakimya nikitia uzi tunduni:
sitini na nne, inshallah, kama macho yatakubali.

Fundi mwingine angechukua mkasi.
Ni rahisi: unakata, unashona, unalipwa, yamekwisha.
Mie nimekunja, sikukata.
Inchi mbili kila ubavu, moja na nusu begani,
kitambaa chote nimekilaza ndani,
nikapiga bandi kwa uzi mmoja mrefu
ambao ukivutwa ncha, jezi inafunguka.

Shaame kaja jana kulalamika, kainua mkono:
"Bi Saumu, kuna kitu kinanikwaruza hapa ubavuni."
Nikamwambia, vumilia.
Hicho kinachokukwaruza ni nafasi yako.
Kanitazama kama watoto wanavyowatazama watu wazima
waliokosa usingizi, kaondoka akijikuna.

Ijumaa nitakaa upande wa jua, ule wa bei nafuu,
na ndani ya pochi, kando ya tasbihi na nauli ya kurudia,
nitatia wembe wangu wa kufumulia.
Najua mapema mno. Bado inampwaya.
Lakini watoto hawa hukua usiku,
na mie siwezi kukutwa sina kitu mkononi.