Kurasa za Nyuma

Daftari la stoo lina kurasa mia mbili.
Mbele naandika saruji, nondo, vitasa vya Kichina,
rangi ya maji ndoo tatu, imelipwa nusu.
Nyuma, nikiligeuza kichwa chini,
naandika habari za mtu ambaye hayupo.

Nimempa jina Anaeli.
Jina lake la kweli lina herufi nyingi zaidi
na sitaki kuliandika; wino wa duka si wangu.
Nimempa upara ambao bado hajaupata,
kovu la panga kwenye kidole gumba,
na mguu mmoja mfupi, ili nimsikie akija.

Wiki ya kwanza nilimuua mara nne.
Jumatatu Mto Karanga ulimchukua.
Jumanne aliangukiwa na gunia la kahawa kiwandani,
kilo sitini, na hakuna aliyegeuka.
Alhamisi akapaliwa na mfupa wa mbuzi
kwenye sendofu ya huyo aliyemchagua.
Jumamosi sikumbuki. Kalamu ilichana karatasi.

Kila asubuhi alikuwa hai tena,
ameketi juu ya mabati ya geji ishirini na nane
akiningoja nimwambie la kufanya.

Shangazi Ndeanasia alileta ndizi, akaleta na maneno:
la kuvunda halina ubani, mwanangu, lizike.
Nikamjibu ndiyo.
Usiku nikalifukua.

Nimeandika ile Jumapili ya Rau
aliponiambia wazee wake hawatakuja mwezi wa sita,
wala wa saba.
Siku ile mimi nilinyamaza, nikaosha vikombe
vilivyokwisha kuoshwa.
Kwenye daftari nimempa Manka ulimi.
Kurasa sita anazungumza bila kituo
mpaka mlima wenyewe ukavua wingu usikilize.
Huo mstari nimeufuta. Mlima haumsikilizi mtu.
Nimeandika tu: saa kumi, mlima ukaonekana.

Manka akamaliza. Anaeli akafungua mdomo,
mimi nikiwa sijampangia neno,
akasema:
Uliwahi kuniuliza?

Kalamu ikasimama.
Nje mlinzi alikohoa, akasogeza kiti chake cha plastiki.
Uliwahi kuniuliza, Manka,
au ulikuwa unahesabu miezi tu?

Sikulala. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia yule wa damu.
Nilimchukia kwa kuwa sentensi ilikuwa nzuri
na ilikuwa ya kweli,
nusu.

Ijumaa iliyopita yule wa damu akaingia dukani,
mvua ya Kiboriloni ingali begani.
Anataka misumari ya bati, kilo mbili.
Anaezeka. Sikuuliza nyumba ya nani.
Alikuwa mfupi kuliko nilivyomwandika.
Miguu yote sawa, nywele zote kichwani.
Akasema, habari za siku nyingi.
Nikasema, nzuri, elfu kumi na mbili,
na mizani ikatulia kabla yangu.

Alipokuwa anahesabu chenji nikatazama mabuti yake.
La kushoto limefungwa kwa waya wa umeme, mwekundu,
mizunguko mitatu na fundo la haraka.
Anaeli hana viatu tangu sura ya pili.
Nilikuwa namtembeza peku kwenye kokoto za Njoro,
na nilidhani ni adhabu,
kumbe ni uvivu wangu wa kutazama.

Karibu tena, nikasema, kama ninavyomwambia kila mteja.
Akatoka. Kengele ya mlangoni ikalia kidogo, ikaacha.

Nikaandika mbele: misumari ya bati, kilo mbili, imelipwa yote.
Katikati zimebaki karatasi kumi na moja
kabla saruji haijamgusa Anaeli,
na tajiri hajaanza kuuliza maswali.

Nikageuza daftari.
Buti la kushoto, nikaandika.
Waya mwekundu.
Mizunguko mitatu.