Yungiyungi la Langoni

Chupa za marashi, chupa za shurubati ya harusi,
kichupa cha dawa ya kikohozi kilichosahauliwa kabatini kwa mama:
ndizo tulizoponda, tukazipepeta kama mchele,
tukazitia tanuruni, nyuma ya duka la mabati, mtaa wa Langoni.
Kioo hakikumbuki kitu, alisema Nimali.
Nami naapa, kilipoanza kulainika
nilisikia harufu ya udi.

Kwao Kandi ua hupelekwa hekaluni likiwa bichi,
na anayelitoa hutamka kwa kinywa chake
kwamba litanyauka, na yeye vivyo hivyo.
Yungiyungi hasa. Mizizi topeni, shingo majini, uso haulowi.
Nikamwambia, twende Mpeketoni, ziwani,
yamejaa tele, viboko wanayakanyaga
wala sijaona mtu akiyapigia magoti.
Alicheka hata akaweka koleo chini.

Siku tisa tulilihangaikia.
Petali nyembamba kama ngozi ya kitunguu,
wekundu kidogo kwenye ncha, na katikati
kijani cha chupa ya soda, kwa kuwa hatukuwa na kijani kingine.

Bi Twaiba hupita alasiri na sinia la vikuba.
Asumini, rehani, mkadi aliokata alfajiri;
usiku viko kifuani mwa bibi harusi,
asubuhi vimekuwa kahawia, vimefagiwa.
Miaka arubaini, hajavililia.
Aliliinamia ua letu, akanusa, akanusa tena.
"Halinuki," akasema.
"Na ua lisilokufa, mwanangu, halikuzawa."

Nilitahayari. Nikatafsiri nusunusu, nikipunguza makali.
Nimali akaomba kalamu.
Lisilozaliwa, lisilokufa: kwao, akasema,
watu hukaa msituni maisha mazima, macho wameyafumba,
wakilitafuta hilo hilo
ambalo mama huyu amelitaja kama kasoro.

Usiku ule umeme ukakatika Amu nzima.
Tanuru lilitakiwa lipoe kwa saa kumi na nne,
polepole, kama mgonjwa anavyoshushwa kitandani.
Likapoa kwa tatu.
Tulisikia: tk. Basi.
Sauti ya ukucha kwenye bilauri.

Nililia mimi. Nimali alichemsha chai.
Ufa ulianzia ukingoni, ukashuka hadi kwenye kijani
ukasimama pale
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Alasiri, sinia, vikuba. Bi Twaiba
akaupitishia kidole gumba, taratibu,
kama apimaye kitambaa dukani.
Tone la damu likatoka. Akalifuta kwa leso.
"Haya," akasema. "Sasa limezawa."

Kisha akauliza bei,
akatupunja shilingi mia mbili,
akaliweka sinianin mwake, katikati ya asumini,
akaenda nalo Mkomani bila kulifunika.