Ndoo Mbili

Daktari Khayesi, jina langu hulijui,
lakini mimi viatu vyako navijua.
Vyeusi, vilivyolika kisigino upande mmoja,
ni vya asubuhi, hospitali ya kaunti.
Vya kahawia, vinavyonukia duka hadi leo,
ni vya saa kumi jioni, pale Amalemba,
ghorofa ya kwanza, mlango wa kioo.
Vyote huvidekia njia mimi.

Ndoo ya kijani ni ya serikali, imepasuka ukingo.
Ya buluu ni ya kliniki, ina magurudumu.
Mvua ni ileile ya Kakamega,
inayofika saa tisa kama iliyoandikwa kazi.

Jumatatu ulimwambia Mzee Lihanda
mashine ya usingizi haina gesi,
arudi tarehe kumi na nne.
Tarehe kumi na nne ulimwambia arudi.
Sikuona uongo usoni mwako. Gesi haikuwepo kweli;
mtungi niliupangusa mwenyewe,
mwepesi kama kibuyu.
Akaikunja kadi mara nne, akaitia ndani ya kofia,
akaushika mshipa wake kwa kiganja
kama mtu aliyeficha kuku wa wizi,
akatoka.

Alhamisi nikamwona tena, kwenye kochi la ngozi,
chini ya televisheni isiyo na sauti.
Bintiye alikuwa ameuza mtamba.
Ukampa mkono: "Karibu, mzee. Tumewahi kuonana?"
Akanitazama mimi na dekio langu,
akakujibu: "Hapana, daktari."

Dakika arobaini. Mshono mwembamba kama wa kola.
Ukamvalisha ndara kwa mkono wako,
ukawa mpole hata nikakasirika.
Upole ule, saa tatu asubuhi,
huwa umeuacha gari gani?

Nilikusudia kukuchukia. Nilikuwa nimeshaanza.

Kisha Jumapili ile, usiku, stima imekatika,
mama wa Shinyalu anavuja damu
na nesi Imbwaga anatafuta uzi kwa tochi ya simu.
Haikuwa zamu yako. Hakuna aliyekuwa na namba yako
ila mimi, na sikuwa na salio;
nilikubipu tu.
Ukaja na viatu vya kahawia.
Ukafungua buti la gari: nyuzi za kliniki, glavu za kliniki,
mtungi umeufunga mkanda kama mtoto.
Ukamwambia Imbwaga: "Hivi usiviandike."

Alfajiri ulitoka peku hadi kwenye gari.
Viatu nilivifua katika ndoo ya kijani.
Doa la kushoto limegoma,
na siku hizi ukipita ukumbini
sijui kwa kuangalia chini uko wapi.

Na mimi, kwa kuwa tunasemana:
mshahara wa kaunti ulipochelewa miezi mitatu
sabuni ya serikali ilivuka barabara ndani ya leso yangu,
ikasafisha sakafu ya kliniki,
nikarudishiwa pesa ya sabuni ambayo sikuinunua.
Hakuna mwandishi wa gazeti aliyeniuliza.
Hakuna kamati iliyokaa kuhusu mwanamke mwenye ndoo mbili.
Mshahara mmoja unalipa nyumba,
mwingine unalipa karo,
na mgongo ni mmoja.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.
Hawakutuambia ni lipi,
wala linamwangukia nani.

Jana ilikuwa tarehe ile aliyoandikiwa mara ya tatu.
Gesi ilikuwepo.
Karani akaita: "Lihanda!"
Akaita tena, kwa jina la ubatizo.
Benchi zima likageuka kutazama mlango,
wengine wakasogea kidogo, nafasi imepatikana.
Ukatoka nje ya chumba, kalamu mkononi,
miwani juu ya paji:
"Huyu mzee amekwenda wapi?
Watu hawa, unawapangia, hawaji."

Nikakamua tambara.
Maji yakawa meusi, nikaenda kuyamwaga.