Kijiko cha Tatu

Filamu yetu, hapo Maweni, Malindi,
ilikuwa simu moja, taa ya kukodi,
na maikrofoni niliyoifunga kwenye mpini wa ufagio.
Aliyekuwa aigize mume alipata kazi Watamu. Hakurudi.

Ndipo akabisha Kirimi, mwenye taa,
daftari la madeni kwapani, siku ya nne anatudai.
"Kaa hapo," mwongozaji akamwambia.
"Wewe ni marehemu. Usiseme kitu.
Unakunywa chai tu."

Bi Mbeyu, muuza mahamri, akammiminia.
Akasita.
Akaongeza sukari, kijiko cha tatu,
ambacho hatukukiandika popote.
"Umekonda," akasema.
Na hilo hatukuliandika.

Marehemu akainamia kikombe.
Mkono wangu ukatetemeka, ufagio ukashuka.
"Kata!" akasema mwongozaji.
Hakuna aliyekata.
Hata jogoo wa jirani, mharibifu wa matukio sita,
alikaa kimya.

"Mamangu alifariki nikiwa njiani,"
Kirimi akasema, kwa Kiswahili chake cha Maua,
kila neno akilitua chini kama gunia.
"Kunywa, itapoa," Bi Mbeyu akajibu.

Picha haikufaa.
Kivuli cha ufagio kilimpita marehemu usoni.
Simu tuliiuza, tukalipa taa,
na filamu ikaishia hapo.

Ila Alhamisi, nikikata uchochoro ule,
naiona pikipiki ya Kirimi imeegemea ukuta,
na mlangoni, juu ya stuli,
kikombe kilichofunikwa kwa daftari la madeni,
nzi wasiingie.