Mfano wa Sitini na Moja

Aslak ameniletea sarufi yake ya Kisami,
kurasa mia nne na ushei, mifano mia mbili na tisa,
nami kazi yangu ni kuipanga:
nambari ndani ya mabano, pambizo sentimita moja,
neno juu, maana yake chini,
kila neno lisimame juu ya maana yake
kama mguu juu ya kivuli cha saa sita.

Saa sita! Naandika nini?
Hapa Tromsø, Januari, saa sita ya mchana ina rangi ya wino.
Jua hatujaliona tangu Novemba,
na gari la theluji linakwangua barabara
kama mwalimu mwenye hasira afutaye ubao.

Wachanga wa kazi hii hubonyeza kitufe cha nafasi,
mara moja, mara tano, mara tisa,
hadi neno likae wanapotaka.
Kesho ukubwa wa herufi ukibadilika
ukurasa mzima unayumba, meza yenye mguu mfupi.
Mimi huiambia mashine: hili ni la hili.
Basi. Kupima ni juu yake.

Na nyota.
Mwanaisimu huitia nyota sentensi
isiyosemwa na mtu yeyote.
Si nyota ya jaha hiyo.
Nimepanga thelathini na nane tangu asubuhi,
mbingu nzima ya yasiyosemeka,
kila moja nimeining'iniza nje ya mstari
isiisukume herufi ya kwanza.

Wa sitini na moja hauna nyota:

(61)  Mun     lean    ain     dáppe.
      mimi    niko    bado    hapa
      'Ningali hapa.'

Na chini, kwa herufi ndogo: Risten, kwa simu, Guovdageaidnu.

Aslak alinisimulia. Alimpigia kumuuliza kitenzi cha kuchunga,
laini ikawa inakatika, akawa anaita haloo, haloo,
na yule bibi wa miaka themanini na saba,
aliyekuwa kwa saa mbili akijibu tu
ndiyo, twasema hivyo,
hapana, labda wale wa pwani,
akatamka hilo, ambalo hakuulizwa.
Kalamu ikamtangulia Aslak kulinakili.

Alifariki Septemba.

Leo mhakiki ameandika: wa 61 unarudia wa 14. Uondolewe.
Ni kweli. Kielezi kile kile, mahali pale pale.
Aslak akajibu kwa neno moja: Sawa.
Dakika ishirini baadaye, bila salamu:
Au waonaje?

Nikaufuta.
Wa sitini na mbili ukawa wa sitini na moja,
na yote ya nyuma ikasogea hatua
kama foleni ya posta mtu mmoja akitoka,
hapana aliyegeuka.
Ila kwenye sura ya sita, palipoandikwa tazama mfano,
mashine ikatoa

??

Nikaiendesha tena; mara nyingine hukumbuka safari ya pili.

??

Nyeusi, nene, mbili pamoja.
Haloo, haloo.

Nilikaa. Kahawa ikapoa ikafanya utando.
Kisha rejeo nikalielekeza kwa wa 14,
na mistari mitatu ya Risten nikairudisha ilipokuwa,
kila mmoja nikautanguliza alama ya asilimia.
Mashine ikiiona alama hiyo
hufumba macho mpaka mwisho wa mstari.

Kitabu kitachapwa. Mifano mia mbili na nane,
nambari zinafuatana, pengo halionekani,
mhakiki ataridhika na ana haki ya kuridhika.
Lakini mtu akilifungua faili, mwaka wowote,
anatafuta mkato uliopotea,
atashuka, atashuka,
na kati ya wa sitini na wa sitini na moja

% Mun lean ain dáppe.

Nikamwandikia Aslak: Tayari.
Sikumwambia jingine.
Nje gari la theluji limerudi,
barabara imejaa upya.