Kisanduku cha Tatu

Julai, Isongole. Baridi inang'ata masikio,
na vidole vyangu vilivyozoea daftari za mizania
vinajifunza mpini wa panga la kufyekea njia.
Mwaka wa pili wa uhasibu, likizo ndefu,
elfu kumi na mbili kwa siku, malipo mwisho wa mwezi
(mwisho wa mwezi upi, hawakusema).
Tumepewa fulana za kijani, filimbi,
gunia la kuokotea chupa
na sentensi sita za kumwambia mgeni:
ziwa ni la volkano, shika mti usiteleze,
usitupe kitu, na nyingine tatu za namna hiyo.

"Ngozi," Gwamaka huwauliza wageni, "ngozi ya nani?"
Wageni hucheka.
Mimi niliacha kucheka siku ya tisa.

Na fomu. Kila jioni, fomu.
Idadi ya wageni. Kilo za taka. Kilichobaki kijijini.
Swali la saba: Je, njia inafikika kwa watu wote?
Ndiyo, kisanduku. Hapana, kisanduku.
Siku ishirini mfululizo nilitia tiki kwenye ndiyo,
maana hakuna aliyeshindwa kupanda mbele yangu,
na asiyekuja hahesabiki.
Ndivyo nilivyosomeshwa:
kisichoingia kitabuni hakipo.

Tupokigwe anachoma viazi pale njia inapoanzia.
Magongo mawili ya mwanzi,
mguu wa kushoto uliolala tangu utotoni.
Alinipa chenji, akauliza:
"Hivi hilo ziwa lina rangi gani hasa?
Huyu anasema kijani, yule anasema maziwa."
"Hujaliona?"
"Nimezaliwa hapa," akasema,
kana kwamba hilo ni jibu.

Usiku ule kalamu ilisimama juu ya swali la saba
hadi koroboi ikaanza kukohoa.

Jumatatu haina wageni.
Tukaokota mianzi iliyoangushwa na upepo,
tukasuka kiti kwa katani na kanga mbili kuukuu.
Wanne kwa zamu, Gwamaka mbele akihema kama fahali,
na yule juu hakuwa mzigo wa kimya:
"Taratibu! Mimi si gunia la kabichi."
Kisha, kwenye migomba mwitu,
"Hii mnawaambia wageni ni pambo?
Majani yake tuliezekea vibanda vya viazi.
Na huyo ndege haliiti jua, anagombea jike.
Nani aliwafundisha ninyi?"
Tukatazama fulana zetu.

Pale mizizi inapogeuka ngazi, akasema: nishusheni.
"Mtaanguka na mimi, na keshokutwa ni gulio."
Nikamwonyesha simu, nitampigia picha.
"Picha ninazo nyingi, wageni hunionyesha.
Nenda. Ukirudi unitajie rangi."

Nilipanda mbio, kifua kikiwaka,
nikashika ukingo wa kreta, nikachungulia.
Ukungu.
Nikangoja nusu saa. Ukungu, na mbega mmoja akikoroma
mahali nisipopaona.

"Nyeupe," nikamwambia. "Nyeupe tupu."
Alicheka mpaka gongo likaporomoka bondeni,
Gwamaka akalifuata kwa makalio.
"Basi, mtoto wa chuo," akasema akifuta machozi,
"leo mimi na wewe tumeliona sawasawa."
Akafungua kitambaa, akatugawia viazi vya baridi.

Jioni, swali la saba.
Ndiyo ingekuwa uongo. Hapana ingefunga mlango.
Nikachora kisanduku cha tatu kwa rula,
nikaandika pembeni: nusu ya njia, watu wanne,
kiti kimoja; mizizi inahitaji daraja la mbao.
Msimamizi alirudisha fomu. Imeharibiwa, alisema.
Nikaichora tena.

Sentensi zangu sasa ni kumi na moja.
Tano ni zake, wageni huzipenda kuliko zangu.
Septemba malipo yalikuja pungufu, nikasaini.
Lakini kwenye safu ya wanaodai,
chini ya wauza mbao na fundi wa choo,
nimeandika kwa wino jina lake lote,
kazi: maelezo ya msitu,
kiasi: kijadiliwe naye,
hali: bado.